Mkojo Unaokuponyoka: Jua Kwanza Unatoka Vipi

Mwanamke akisema "mkojo unanitoka", swali la kwanza ni hili: ulipokutoka ulikuwa unafanya nini? Huenda alikuwa anacheka, anapiga chafya au ananyanyua ndoo ya maji. Huenda ndiyo kwanza alikuwa anaingiza ufunguo mlangoni, haja ikamshika ghafla, na kabla hajafika chooni ameshalowa. Au huenda unamtoka tu mchana na usiku, akiwa amekaa au amelala, wala hausikii ukija. Hao ni wanawake watatu wenye matatizo matatu, na tiba ya mmoja inaweza isimfae mwenzake hata kidogo. Hata hivyo wote watatu, wakithubutu kulisema jambo lenyewe, huambiwa neno lile lile: "Fanya Kegel, bana misuli." Wengine huambiwa ndiyo hali ya mtu aliyezaa, avumilie. Tatizo hili hutokea kwa wengi, ni kweli, lakini wingi wa wanaougua haufanyi ugonjwa usitibike. Sehemu kubwa ya tiba yake haitaki kisu wala vidonge. Inataka kujua aina ya tatizo, kujua misuli ilipo, na subira ya miezi mitatu.

Misuli yenyewe na kibofu

Sakafu ya nyonga ni tabaka la misuli lililotandazwa chini kabisa ya fupanyonga, kuanzia mfupa wa kinena mbele hadi kifandugu nyuma, likashikana na kuta za nyonga kila upande. Juu yake vimekaa kibofu, mfuko wa uzazi na mwisho wa utumbo mpana. Njia tatu zinapita katikati yake: ya mkojo, uke, na ya haja kubwa. Misuli hii ina kazi mbili zinazopingana. Muda mwingi inatakiwa ibane na kubeba. Mara chache kwa siku inatakiwa ilegee kabisa. Msuli usioweza kubana ni tatizo, na msuli usioweza kulegea ni tatizo pia. Hili la pili husahauliwa mno.

Neva zinazoiamrisha zinatoka sehemu ya chini kabisa ya uti wa mgongo. Kwa hiyo mtu akipata maumivu makali ya kiuno yanayoandamana na ganzi sehemu za siri na msamba, akawa hawezi kukojoa au hasikii mkojo ukipita, hilo si la kusubiri kliniki ya wiki ijayo. Ni la hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu neva zikibanwa muda mrefu huenda zisirudi.

Kibofu nacho ni mfuko wa msuli. Mtu mzima huanza kusikia haja kikiwa na mililita 150 hadi 250, na huweza kubeba kati ya 400 na 600 bila shida. Figo za mtu anayekunywa maji ya kawaida hutoa lita moja na nusu hadi mbili kwa siku. Ukipiga hesabu, ni kukojoa mara tano hadi saba mchana, na usiku kutoamka au kuamka mara moja. Kibofu kikiwa kinajaa, msuli wake hutulia na mlango wa chini hubana. Wakati wa kukojoa mambo hugeuka, mlango hulegea na msuli wa kibofu hukamua. Ubongo ndio unaotoa ruhusa.

Aina za kuvuja

Kuvuja kwa shinikizo hutokea pale nguvu inayoshuka kutoka tumboni inapozidi nguvu ya kufunga mlango wa mkojo. Kukohoa, kuruka, kukimbia, kubeba mzigo: mkojo hutoka kidogo, papo hapo, na hukoma shinikizo likiisha. Kwa kawaida haumwamshi mtu usiku. Nyuma yake mara nyingi kuna uzazi wa njia ya kawaida, hasa uliotumia koleo la kumvutia mtoto au uliochana msamba vibaya, uzito mkubwa, kikohozi cha muda mrefu, au kukoma hedhi.

Kuvuja kwa haja ya ghafla ni habari nyingine. Hapa mlango unaweza kuwa mzima kabisa, ila msuli wa kibofu hujikaza kabla ya kupewa ruhusa. Haja huja kwa kishindo, mkojo hutoka mwingi, na usiku huamka mara mbili, tatu, nne. Sauti ya maji yanayotiririka inatosha kuichochea. Wapo wengi wenye aina zote mbili kwa pamoja. Hao huanza kutibiwa ile inayowasumbua zaidi.

Kuna pia kibofu kisichomwaga. Kimejaa hadi kinafurika, na kinachotoka ni ziada tu. Mwenye hali hii hulalamika kwamba mkondo wa mkojo ni dhaifu, hukojoa kwa kusukuma, na akimaliza husikia bado umebaki. Kisukari cha miaka mingi kinaweza kuua hisia za kibofu namna hii. Utrasaundi baada ya kukojoa huonyesha kiasi kilichobaki. Kikiwa kingi, dawa za kutuliza kibofu zitamwongezea matatizo.

Aina ya mwisho ni mkojo unaotoka bila kukoma baada ya uchungu wa kuzaa uliochukua muda mrefu mno. Kichwa cha mtoto hukandamiza kibofu kwenye mfupa, damu haipiti, nyama hufa, na siku kadhaa baada ya kujifungua nyama ile hubanduka na kuacha tundu. Hiyo ni fistula. Hakuna zoezi linaloziba tundu, na kumwambia mwanamke huyu abane misuli ni kumpotezea muda wenye thamani kubwa. Tundu dogo na jipya linaweza kufunga lenyewe akiwekewa mpira wa mkojo (katheta, mrija mwembamba unaotoa mkojo kwenye kibofu) mapema na kukaa nao wiki kadhaa. Likishakomaa, linahitaji mpasuaji aliyefunzwa kazi hiyo, na upasuaji wa kwanza ndio wenye nafasi kubwa kuliko yote ya kufaulu. Asipelekwe kwa yeyote tu.

Kabla ya yote, mkojo upimwe. UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) peke yake inaweza kumfanya mtu akimbilie chooni kila nusu saa, na ikitibiwa tatizo likaisha. Sukari ipimwe pia. Na damu kwenye mkojo, hata isiyoleta maumivu, hata iliyoonekana mara moja ikapotea, ifuatiliwe na daktari hadi sababu ijulikane, maana inaweza kuwa dalili ya saratani.

Siku tatu za kuandika

Kipimo kilicho bora kuliko vingi hakina mashine. Tafuta kikombe chenye alama za mililita na daftari. Kwa siku tatu, mchana na usiku, andika saa uliyokunywa na kiasi, saa uliyokojoa na kiasi, na kila ulipovuja andika ulikuwa unafanya nini na ulilowa kiasi gani. Siku hizo si lazima zifuatane, lakini moja iwe ya kazi za kawaida na moja ya kukaa nyumbani.

Tazama kinachojitokeza. Mwanamke wa kwanza amekojoa mara 14 kwa siku, kila mara mililita 100 hivi, jumla lita 1.4. Mkojo wake kwa siku ni wa kawaida. Kibofu ndicho kimezoea kudai haja kikiwa bado kitupu. Wa pili naye amekojoa mara 14, lakini kila mara mililita 300, jumla zaidi ya lita nne. Kibofu chake ni kizima. Ama anakunywa kupita kiasi, ama sukari imepanda. Ukiwasikiliza kwa mdomo wanasema maneno yale yale, "nakojoa kila saa". Daftari ndilo linalowatenganisha. Wa tatu mchana yuko sawa, ila zaidi ya theluthi moja ya mkojo wake wote hutoka usiku. Huyo atazamwe miguu kama inavimba jioni, aulizwe kama anakoroma na kukosa pumzi usingizini, na aangaliwe moyo, figo, na saa anazomeza dawa za presha zinazoongeza mkojo.

Kubana kwa usahihi

Sasa zoezi lenyewe. Jina lake limetoka kwa Arnold Kegel, daktari wa magonjwa ya wanawake wa Marekani, aliyeandika kulihusu mwaka 1948. Kinachosahauliwa ni kwamba Kegel hakuwaambia wanawake wabane wakaenda nyumbani. Alibuni kifaa cha kuingiza ukeni kilichopima nguvu ya mbano, na mwanamke aliona mshale ukipanda akibana kweli. Dunia ilichukua jina ikaacha kipimo. Mwaka 1991 watafiti wa Marekani waliwapa wanawake 47 maelezo mafupi ya mdomo kisha wakawapima wakijaribu kubana. Walioweza kubana vizuri walikuwa 23. Kumi na wawili walikuwa wanafanya kinyume, wanasukuma chini kwa namna inayoweza kuongeza kuvuja. Kwa hiyo nikisikia mtu anasema alifanya Kegel miezi sita hakuona kitu, swali langu si kama alikuwa na bidii. Ni nani alihakikisha kwamba anabana.

Lala chali, kunja magoti, nyayo zikae chini. Acha matako, mapaja na tumbo vilegee. Anzia nyuma: bana kana kwamba unazuia hewa isikutoke mbele za watu. Bila kuachia, peleka mbano ule mbele hadi kwenye njia ya mkojo, kisha uvute kwa ndani na juu, kuelekea kitovuni. Endelea kupumua. Kwa nje pasionekane kinachotikisika: matako yakikaza, magoti yakikaribiana au pumzi ikikata, misuli mingine imeingilia kazi.

Hakikisha kwa kioo kidogo. Ukibana, msamba, ile sehemu iliyo kati ya uke na njia ya haja kubwa, unatakiwa uingie ndani na kupanda. Ukitokeza nje, unasukuma. Acha, anza upya kwa mbano mdogo zaidi. Njia nyingine ni kunawa mikono, kuingiza kidole kimoja ukeni hadi kifundo cha pili, na kubana: kidole kinatakiwa kizungukwe na kuvutwa ndani. Kisha achia, na usikie misuli ikishuka yote. Mtaalamu wa fiziotherapia aliyesomea eneo hili hupima kwa kidole vivyo hivyo na kutoa alama kuanzia 0 hadi 5. Ikiwezekana kumpata hata mara moja mwanzoni na mara moja baada ya wiki sita, nafasi hiyo usiiache.

Ushauri mmoja umeenea sana na naomba uachwe: kufanya zoezi kwa kukata mkojo katikati unapokojoa. Wakati huo kibofu kinakamua na kinahitaji mlango ulegee. Ukiuzoesha mwili kufunga pale pale, mkojo hubaki ndani, na mkojo uliobaki hukaribisha maambukizi.

Kipimo cha kawaida ni mibano isiyopungua minane, mara tatu kwa siku, kwa muda usiopungua miezi mitatu. Lakini kila mtu aanzie alipo. Kama mbano wako unateleza baada ya sekunde tatu, basi sekunde tatu ndiyo kazi yako: bana tatu, pumzika sita, rudia mara nne au tano. Kila wiki ongeza sekunde moja au mibano miwili, hadi ufikie mibano minane hadi kumi na miwili ya sekunde nane hadi kumi. Baada ya hapo ongeza mibano kumi ya haraka, bana na achia papo hapo, kwa sababu chafya haitoi notisi na msuli unahitaji kasi pamoja na nguvu. Ukiweza ukiwa umelala, fanya ukiwa umekaa, halafu umesimama, halafu umebeba kitu. Mwanamke anayefanya mazoezi kitandani tu amefunza msuli kufanya kazi mahali ambapo hauvuji.

Kuachia ni nusu ya zoezi. Muda wa kupumzika uwe sawa na muda wa kubana au zaidi. Anayefanya mibano mia mbili kwa siku bila kulegea anaishia na misuli iliyochoka na yenye maumivu.

Ipo mbinu ndogo isiyosubiri miezi: bana sekunde moja kabla ya kukohoa, kupiga chafya au kunyanyua, na shikilia hadi tendo liishe. Utafiti wa mwaka 1998 ulionyesha wanawake waliofundishwa hivyo wakipunguza kuvuja wakati wa kukohoa ndani ya wiki moja, muda ambao msuli haujapata kuongezeka nguvu. Mwanzoni utasahau mara nyingi. Baada ya wiki kadhaa mwili hubana wenyewe.

Je, mazoezi yanafanya kazi? Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2018 yalikuta kwamba, kwa wenye kuvuja kwa shinikizo, asilimia 56 ya waliofanya mazoezi haya walisema wamepona, dhidi ya asilimia 6 ya wasiofanya. Hakuna kidonge cha aina hii ya kuvuja kinachokaribia hapo. Dalili za nafuu huanza kuonekana wiki ya sita hadi ya nane, na wengi huacha wiki ya tatu wakiamini hayajasaidia. Kuna wachache ambao msuli ulinyofoka kwenye mfupa wakati wa kuzaa, au neva ziliumia, na hawawezi kubana hata kidogo. Hao wanaweza kusaidiwa na mashine ya kusisimua misuli kwa umeme mdogo chini ya mtaalamu hadi msuli uamke. Dawa za kupaka au kuingiza "za kubana uke" zinazotangazwa mitandaoni hazigusi msuli huu hata kidogo. Zinakausha na kuunguza ngozi laini ya ndani, na ngozi iliyochubuka ni mlango wa maambukizi.

Asiyetakiwa kubana

Mwanamke anayeumia akijamiiana, anayepata shida kuanzisha mkojo, mwenye maumivu ya msamba au kifandugu akikaa, anayefunga choo ingawa choo chenyewe si kigumu, huenda misuli yake imekaza muda wote. Msuli uliokaza hauna nafasi ya kubana zaidi, kwa hiyo unaweza kuvuja kama ule uliolegea, na mibano huzidisha maumivu. Yeye ajifunze kulegeza. Alale chali na magoti yakiwa yamekunjwa na kufunguka, aweke mkono mmoja chini ya kitovu, avute pumzi puani polepole hadi mkono upande, na asikie msamba ukishuka na kupanuka pumzi inapoingia. Pumzi itoke bila kukazana. Dakika tano hadi kumi, mara mbili kwa siku. Mtaalamu anaweza pia kuikanda misuli hiyo kwa ndani. Kubana kuje baadaye, ikiwa bado kunahitajika.

Kukifundisha kibofu upya

Kwa haja ya ghafla, kazi kubwa ni kurudisha amri kwenye ubongo. Angalia daftari lako: ikiwa unakwenda chooni kila baada ya saa moja, panga kwenda kila baada ya saa moja na robo, haja iwepo au isiwepo. Ukimudu wiki nzima, ongeza dakika 15 nyingine. Lengo ni saa tatu hadi nne. Jipe angalau wiki sita.

Haja ikikuvamia kabla ya wakati, usikimbie. Kukimbia kunatikisa kibofu na kuupa ubongo habari kwamba hatari ni ya kweli. Simama au kaa. Bana haraka haraka mara tano au sita; mbano huu hutuma ujumbe kwa neva unaotuliza msuli wa kibofu. Inua visigino na kuvishusha, hesabu kurudi nyuma kutoka mia kwa kupunguza saba. Haja hupanda, hufika kileleni, halafu hushuka. Ikishashuka, ndipo utembee taratibu kwenda chooni ikiwa muda umefika. Kwenda chooni wakati imepanda ndiyo makosa ambayo karibu kila mtu hufanya, na ndiko kunakokifundisha kibofu kwamba kikipiga kelele kitasikilizwa. Vivyo hivyo kukojoa "kwa tahadhari" kila unapotoka nyumbani: kukiwa desturi, kibofu husahau kujaa.

Wengi hupunguza maji ili wasivuje, na hapo hujiumiza. Mkojo mzito unawasha kibofu na kuongeza haja, choo nacho kinakuwa kigumu. Kunywa lita moja na nusu hadi mbili kwa siku, ugawe, na acha saa mbili kabla ya kulala. Punguza kahawa, chai ya rangi na vinywaji vya kuongeza nguvu kidogo kidogo kwa wiki mbili, maana kuviacha ghafla huleta maumivu ya kichwa.

Chooni, kaa kabisa au chuchumaa kabisa. Kuning'inia nusu hewani juu ya choo cha kukaa kunaiacha misuli imekaza na mkojo hautoki wote. Usisukume. Ukihisi umebaki, simama, zunguka kidogo, kaa tena, inama mbele. Na kama unajikamua kwa nguvu kila unapokwenda haja kubwa, tibu hilo kabla ya lolote, kwa sababu kusukuma kila siku kunabomoa kile ambacho mazoezi yanajenga. Uzito nao una uzito wake hapa: katika utafiti wa mwaka 2009 wanawake wanene waliopunguza takriban asilimia 8 ya uzito wao kwa miezi sita walipunguza matukio ya kuvuja kwa karibu nusu.

Baada ya kujifungua, na baada ya hedhi kukoma

Aliyejifungua akipita saa sita bila kukojoa awekewe mpira. Kibofu kilichovutwa kupita kiasi usiku mmoja tu kinaweza kuchukua wiki nyingi kurudia hali yake. Mibano laini inaweza kuanza siku za kwanza, hata kwa aliyeshonwa, ikiwa haiongezi maumivu. Inasaidia hata uvimbe kupungua. Anayeendelea kuvuja miezi mitatu baada ya kuzaa apimwe, asiambiwe angoje.

Baada ya hedhi kukoma, ngozi ya uke na ya njia ya mkojo hukonda na kukauka kwa kukosa homoni ya estrojeni. Matokeo yake ni haja za ghafla, muwasho, na UTI za kujirudia. Krimu au kidonge kidogo cha estrojeni cha kuweka ukeni, kila usiku kwa wiki mbili kisha mara mbili kwa wiki, hurejesha ngozi hiyo. Kiasi kinachoingia kwenye damu ni kidogo sana. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti azungumze kwanza na daktari wa saratani. Naona wanawake wengi wa umri huu wanalundikiwa antibayotiki mwaka mzima bila mtu kuwatazama huko ukeni, na ni jambo la kusikitisha kwa sababu tiba yenyewe ni nyepesi.

Vidonge vya kutuliza kibofu, kama oksibutinini, tolterodini na solifenasini, ni vya haja ya ghafla tu. Kwa kuvuja kwa shinikizo havifanyi kitu. Hukausha mdomo na kufunga choo, na kwa wazee vinaweza kuleta kuchanganyikiwa, hasa oksibutinini. Mirabegroni hufanya kazi kwa njia tofauti na haikaushi mdomo sana, lakini presha ipimwe kwanza. Kidonge kipewe wiki nne kabla ya kuhukumiwa. Vikishindikana, kuna sindano za botoksi, dawa inayolegeza msuli, ndani ya kibofu, kwa kawaida yuniti 100, ambazo hudumu miezi sita hadi tisa. Anayekubali botoksi lazima awe tayari kujifunza kujiwekea mpira mwenyewe, maana baadhi hushindwa kukojoa kwa muda.

Kizazi kushuka, na upasuaji

Uzito ukeni unaozidi jioni, au uvimbe laini unaogusika wakati wa kuoga, mara nyingi ni kuta za uke au kizazi kimeshuka. Hakigeuki saratani, na kisichosumbua hakihitaji kuguswa. Mazoezi hupunguza dalili pale kiliposhuka kidogo. Kilichoshuka zaidi huinuliwa na pesari, pete ya silikoni inayokaa ukeni. Saizi hupatikana kwa kujaribu: kidole kiweze kupita kati ya pete na ukuta wa uke, na kabla mwanamke hajaondoka kliniki atembee, achuchumae, akohoe na akojoe akiwa nayo. Isipotoka na isipouma, ndiyo yake. Anayeweza kuitoa mwenyewe aioshe kwa maji na sabuni na kuirudisha. Asiyeweza aonwe kliniki kila miezi mitatu hadi sita. Pesari iliyosahaulika miaka ndiyo inayochubua na kutoboa, kwa hiyo tarehe ya kurudi iandikwe.

Pesari inaweza pia kufichua jambo. Kizazi kilichoshuka huweza kuikunja njia ya mkojo na kuifunga. Kikiinuliwa, mwanamke aliyekuwa mkavu anaanza kuvuja akikohoa. Hili lielezwe mapema, kabla ya pesari na kabla ya kisu.

Upasuaji wa kuvuja ni wa aina ya shinikizo. Kuna ukanda unaochukuliwa kwenye utando mgumu wa tumbo la mwanamke mwenyewe na kupitishwa chini ya njia ya mkojo, kuna kushona na kuinua shingo ya kibofu, kuna sindano za jeli zinazojaza mlango lakini huisha nguvu baada ya muda, na kuna ukanda wa plastiki uliobuniwa na Ulf Ulmsten na wenzake nchini Sweden miaka ya 1990. Ukanda wa plastiki umewasaidia wengi, na umewaumiza baadhi kwa maumivu ya kudumu na plastiki kutokeza ukeni. Mwaka 2018 Uingereza ilisitisha matumizi yake, na mwaka 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani iliamuru nyavu za plastiki za kuinua uke ulioshuka, zinazopitishwa ukeni, zisiuzwe tena. Vitu hivyo viwili si kimoja, kwa hiyo muulize mpasuaji kwa jina: unaniwekea nini, kitatolewaje kikileta shida, umefanya upasuaji huu kwa wanawake wangapi mwaka uliopita?

Muulize pia kama amethibitisha aina ya kuvuja. Ukanda ukiwekwa kwa mwenye haja ya ghafla, kibofu sasa kinakamua dhidi ya mlango uliobanwa, na haja huweza kuzidi. Anayetarajia kuzaa tena kwa kawaida hushauriwa amalize kuzaa kwanza, kwa sababu mimba na uzazi unaofuata vinaweza kuharibu kazi iliyofanywa. Baada ya upasuaji, asibebe kitu kizito kwa wiki sita, choo kisiwe kigumu, na mibano irudi mara daktari atakaporuhusu. Akifika nyumbani akawa anakojoa matone tu huku tumbo la chini limejaa, arudi siku hiyo hiyo awekewe mpira.